Chui wa Wageni wa Meli

Mmanga Abdulla alikuwa na maneno yake aliyowaambia abiria wa meli waliposhuka Forodhani, na kwa kawaida hayakubadilika. Kwanza aliwatajia kobe wa kisiwa cha Changuu, wakubwa hata mtoto anaweza kupanda mgongoni. Kisha kima punju wa Jozani, wenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizosimama kichwani, ambao hawapatikani nchi nyengine yoyote. Kisha paa nunga, kama bahati ipo. Wageni walikuwa na siku moja tu kabla meli haijang'oa nanga, na yeye alikuwa na motokaa moja, kwa hiyo aliwaahidi kile alichokuwa na hakika nacho. Mwaka 1954, baada ya masika, aliongeza jambo la nne. Alisema anaweza kuwaonyesha chui.

Hakuna mtu mwengine mjini aliyethubutu kuahidi hilo. Chui wa Unguja ni mdogo kuliko wa bara, madoa yake yamesongamana, na watu wengi wa kisiwani huzaliwa na kufa bila ya kumwona. Mmanga aliahidi kwa sababu alikuwa na Simai Borafya.

Simai alikaa Kibondeni, kijiji kidogo karibu na msitu wa Jozani, si mbali na njia kuu ya Makunduchi. Alikuwa mchoma makaa, na msitu aliujua kwa sababu ya kazi hiyo. Tangu Mmanga alipomwajiri, aliwatembeza wageni zaidi kuliko alivyochoma makaa. Mkewe, Mwanakheri, alisuka mikeka na kumlea binti yao Tabia, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

Siku ambayo mambo yalianza, Mmanga alileta mume na mke kutoka Denmaki. Waliingia msituni na Simai asubuhi, wakarudi kabla ya adhuhuri. Mwanamke alikuwa amekumbatia kamera yake kama mtu aliyebeba mayai, anacheka peke yake. Walikuwa wamemwona chui. Mwanakheri aliwapa madafu uani. Mmanga akasema nao kwa Kiingereza, akamnyooshea Simai kidole, na wale wageni wakamtazama Simai kwa namna nyengine. Mwanamke alirudi nyuma hatua moja, kisha akaomba kumpiga picha.

Ng'ambo ya ua alikuwapo jirani yao, Bi Sichana, anachambua mchele. Bi Sichana alikuwa yaya wa Waingereza mjini miaka mingi kabla ya kurudi shamba. Motokaa ilipoondoka, alikuja na ungo wake mkononi.

"Umesikia alichosema yule mtu wa mjini?"

"Kiingereza mie sikijui, Bi Sichana."

"Kasema, huyu ndiye mwenye chui. Kamlea tangu mdogo. Akimwita, anakuja."

"Mmanga muongo. Anauza maneno."

"Muongo, nnakubali. Sasa niambie, chui wamemwona au hawakumwona?"

Mwanakheri aliokota vifuu vya madafu. Wageni watatu waliotangulia nao pia walikuwa wamemwona.

Kibondeni, kama kwengine mashamba, watu waliamini kwamba wapo chui wa aina mbili: wa msituni, asiyekuwa na mtu, na wa kufugwa, anayekwenda anakotumwa na mwenyewe. Mfugaji humtuma kwa mbuzi wa mtu aliyegombana naye, au kwa mtu mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumwona mfugaji akifuga. Kila kijiji kilijua jina la mfugaji mmoja, na mara nyingi alikuwa wa kijiji chengine au alikwisha kufa.

Wiki haikupita, mbuzi wa Bi Sichana alikutwa nyuma ya banda lake, shingo imetobolewa na tumbo limeliwa. Alikuwa na mimba. Nyayo zilikuwa wazi kwenye udongo na watu wote walizitazama. Hakuna aliyeuliza chui kapita wapi. Waliuliza chui ni wa nani.

Habari ilifika Muyuni, kwao Mwanakheri, na kaka yake Machano akaja kwa gari la abiria. Alikuwa mtu mrefu, mwenye haraka, na hakungoja hata maji.

"Funga vitu vyako. Wewe na mtoto."

"Kwa sababu gani?"

"Unaniuliza sababu? Mtu analala na mfuga chui, halafu anauliza sababu! Muyuni mama hawezi kwenda kisimani. Wanamuuliza, mkweo hajambo? Na mnyama wake?"

"Wewe umemwona Simai anafuga?"

"Na wewe umemwona hafugi?"

Hapo ndipo Machano alipompata, kwa sababu Mwanakheri alikuwa na mambo aliyoyaona na hakuyasema. Kila meli ilipokuwa inatarajiwa, Simai aliondoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza na furushi lililofungwa kwa majani ya mgomba. Aliporudi alijisugua mikono kwa jivu na ndimu. Akiulizwa, alisema amekwenda kutazama njia. Njia haichukuliwi furushi, wala haiachi harufu mikononi. Mwanakheri hakuamini kwamba mumewe ni mchawi. Hakuamini pia kwamba anatazama njia.

"Nipe mpaka Ijumaa," alimwambia kaka yake. "Nikijua kwamba ni kweli, nitakwenda na wewe kwa miguu yangu, wala hutanivuta."

Machano akakubali, lakini hakurudi Muyuni. Alitandika mkeka barazani akakaa hapo, na kila Simai alipopita walisalimiana kama watu waliogombania mpaka wa shamba.

Jumatatu Mwanakheri alipeleka mikeka mjini. Alipomaliza kuuza, alipita soko la Darajani kununua vitunguu, na muuza nyama mmoja akamwita. Alimjua kwa sababu aliwahi kumwona na Simai.

"Mama! Mwambie bwana yako matumbo yake nnamwekea kesho. Leo yamechukuliwa."

"Matumbo gani?"

"Ya mbuzi. Si anayachukua kila meli ikija? Mnayapenda nyinyi, mashallah. Mnayapika kwa nazi?"

"Kwa nazi," alisema Mwanakheri.

Nyumbani kwake matumbo ya mbuzi hayakuwa yamepikwa tangu Sikukuu ya Mfunguo Tatu. Njia nzima ya kurudi, ndani ya gari, alilipanga jambo hilo na mengine aliyoyajua. Wafugaji, kwa maneno ya watu, humlisha chui damu na humwita kwa jina. Damu, basi, ilikuwapo. Kilichobaki kujulikana ni kama lipo jina.

Jumatano Simai aliondoka kama desturi. Mwanakheri alimwachia Machano mtoto, akamfuata mumewe kwa mbali. Kulikuwa kumepambazuka kiasi cha kuona majani. Alitarajia aelekee maweni, kule kwenye mapango, ambako mtu akitaka kufanya jambo la siri hulifanya. Simai hakwenda huko. Alikata upande wa njia kuu, akafika kwenye tanuri lake la zamani la makaa, chini ya mkuyu, akafungua furushi. Aliyaburuta matumbo ardhini kutoka kichakani mpaka kwenye mzizi, akayafunga hapo kwa kamba ya usumba wa nazi. Fungu moja lilimponyoka likamwangukia mguuni. "Astaghfirullah," alisema Simai, akaufuta mguu kwa jani. Hilo ndilo neno pekee alilolitamka.

Mwanakheri alisubiri. Hakuna jina lililoitwa. Mumewe alikaza fundo la kamba, akalivuta kulijaribu, akachukua majani yake ya mgomba aondoke. Wakakutana uso kwa uso.

"Unafanya nini hapa, Mama Tabia?"

"Nnatazama njia."

Simai aliona haya kwanza, kisha akakasirika, kisha akakaa juu ya gogo. "Nafanya kazi," alisema. "Wageni wanataka kumwona. Mnyama hajionyeshi bure. Nilikuta nyayo zake pangoni, nikamtilia matumbo hukohuko. Akazoea. Nikifunga kwa kamba hawezi kuyabeba, hukaa akayala, na mzungu anapata picha yake. Hakuna jengine. Kufuga hakuna, uchawi hakuna."

"Pangoni ni kule. Mbona uko hapa?"

"Wanakuja na viatu vya mjini. Maweni yale yanakata. Mama mmoja alichanika mguu, Mmanga akasema nimsogeze."

"Ukamsogeza chui."

"Nilisogeza matumbo. Kidogo kidogo."

Kijijini jogoo aliwika. Sauti ilisikika wazi kabisa, kama yuko nyuma ya mkuyu. Simai aligeuza shingo, na Mwanakheri akaona kwamba mumewe ameisikia sauti hiyo asubuhi nyingi bila ya kuifikiria.

"Kutoka hapa mpaka bandani kwa Bi Sichana," alisema Mwanakheri, "mtoto anaweza kutupa jiwe likafika."

"Sikujua kama atakwenda."

"Hukujua. Lakini wewe ndiye uliyemfikisha."

Simai alisema kwamba Ijumaa anatakiwa kwa sheha, mkuu wa kijiji, kula yamini juu ya yule mbuzi, kwamba ataapa, na mambo yataisha. Mmanga naye kamshauri hivyohivyo: yeye si mchawi, Mungu anajua, aape tu apumzike. Mwanakheri aliuliza kiapo kitakuwa na maneno gani. Simai hakuwa ameuliza.

"Basi nikwambie yangu," alisema mkewe. "Wakikuapisha kwamba wewe si mchawi, apa, na mie nitaapa nawe. Wakikuapisha kwamba huna mkono katika kifo cha yule mbuzi, ukaapa, mie jioni ileile nimo ndani ya gari la Muyuni."

"Utaniacha kwa ajili ya mbuzi?"

"Kwa mbuzi sikuachi. Lakini ukiweza kuapa uongo kwa hili, na mie nimeliona kwa macho yangu, yale nisiyoyaona nitayajuaje?"

Ijumaa baada ya sala watu walijaa barazani kwa Sheha Nahodha. Wanawake walikaa upande wa ua, nyuma ya kiambaza cha makuti, ambako kila kitu kilisikika. Machano alisimama mlangoni. Mmanga alikuja na motokaa yake, tupu, akakaa mbele kama shahidi.

Sheha Nahodha alikuwa mzee mkavu, asiyependa maneno mengi. Aliuweka Msahafu juu ya mto. "Simai, umetawadha?"

"Naam."

"Sema hivi. Wallahi, chui aliyemuua mbuzi wa Sichana simjui, sikumleta, wala sina mkono naye."

Nyuma ya makuti Mwanakheri aliyasikia maneno hayo na akajua ni yaleyale aliyoyaogopa. Simai alikuwa ameshanyoosha mkono. Mkono ulikaa hewani, kisha ukarudi pajani.

"Maneno hayo siapi," alisema.

Makelele yalizuka. "Amekiri!" mtu alisema, na mwengine, "Hajakiri, anaogopa kuapa uongo akapasuka tumbo!" Mmanga alimkonyeza, akamkonyeza tena. Sheha alingoja mpaka kimya kikarudi, akamwambia aseme anachotaka.

Simai alisema yote: nyayo za pangoni, matumbo, kamba, viatu vya wageni, tanuri la zamani. Alisema kwa utaratibu, kama mtu anayeelekeza njia. Watu walisikiliza, na alipofika penye habari ya muuza nyama wa Darajani mzee mmoja akashindwa kujizuia.

"Ala! Chui anakula nyama ya Darajani? Mie mwenyewe tangu Idi sijaionja!"

"Chui wa Simai mstaarabu," alidakia mwengine. "Anaagizia mjini."

Watu wakacheka, lakini Mwanakheri alilisikia neno: *chui wa Simai*. Mumewe alikuwa ameeleza jambo moja, na wao walikuwa wamesikia jengine. Bi Sichana hakucheka. Alisema kwa sauti kutoka nyuma ya kiambaza.

"Sheha, mie sitaki hadithi ya matumbo. Kamleta, kasema mwenyewe kamleta. Basi amwondoe."

"Siwezi kumwondoa, Bi Sichana," alisema Simai. "Yule mnyama hanisikii. Naweza kumwondolea chakula tu."

"Kuja alijua. Kwenda pia atajua. Umtume aende!"

Sheha Nahodha akatoa hukumu. Simai atamlipa Bi Sichana mbuzi kwa mbuzi, mwenye mimba. Na chui ataondoka Kibondeni. Akiliwa mnyama mwengine yeyote, atakayeondoka ni Simai.

Machano alimkuta dada yake njiani. "Amekiri. Twende."

"Nilisema nikijua ni kweli kwamba anafuga. Nilichojua sicho."

"Kijiji kizima kimesikia!"

"Na mie nimesikia. Ngoja."

Machano alingoja kwa sababu alikuwa na hakika kwamba mbuzi mwengine hayuko mbali. Mwanakheri naye aliliogopa hilohilo. Simai alitaka kuacha kutia matumbo mara moja, lakini mkewe alimzuia: mnyama aliyezoeshwa hapo, akikosa, atatafuta palepale, na palipo karibu ni mabanda. Wakakubaliana kumrudisha kama alivyoletwa. Kila mara Simai aliyafunga matumbo mbele kidogo, upande wa maweni, na kila mara aliyapunguza.

Katika siku hizo Mmanga alileta wageni wanne, akasimamisha motokaa penye mkuyu kama kawaida. Simai akamwambia kwamba hapo hakuna kitu tena.

"Yuko wapi?"

"Anarudi kwake. Kuna mwendo, na maweni."

"Unataka wageni wangu waruke maweni kama paa? Yule mmoja ana miaka sabini!"

"Basi atazame kima."

"Simai, wewe unajua watu wangapi wanashuka melini kwa ajili ya chui huyu? Nimeshawaambia mawakala wa meli Mombasa!"

"Ulipowaambia nimemlea tangu mdogo, uliniuliza?"

Mmanga alifunga mlango wa motokaa kwa nguvu. Alirudi kwenye kobe wake, na Simai akarudi kwenye makaa.

Mwezi ulikwisha bila ya mbuzi kuliwa, wala kuku. Nyayo zilionekana mbali na kijiji, kisha mbali zaidi, kisha hazikuonekana. Simai alidhani hilo limemsafisha. Lilifanya kinyume chake. Watu walikuwa wametaka chui atumwe, na chui alikuwa ametumwa akaenda. Ushahidi gani tena? Wanunuzi wa makaa waliacha kubishana naye bei. Watu wazima kuliko yeye walianza kumwamkia. Mwanamke mmoja wa kijiji cha jirani alimjia Mwanakheri faraghani, na sahani ya mkate wa kumimina, akauliza kama bwana anaweza kumsaidia kuhusu mke mwenzake.

"Akusaidie vipi?"

"Si unajua, shoga. Amtishe tu. Asimdhuru."

Mwanakheri alimrudishia sahani yake.

Machano alilisikia hilo kutoka barazani. "Sasa unasemaje?"

"Nasema chui kafuata matumbo. Nilimwona Simai anayafunga. Hakusema neno."

"Ulimfuata mara ngapi?"

"Mara moja."

"Na asubuhi ambazo hukumfuata?"

Hilo lilikuwa swali la haki, na Mwanakheri hakuwa mtu wa kulikwepa swali la haki. Aliyoyaona yalikuwa ya asubuhi moja. Yaliyobaki alikuwa ameyajaza mwenyewe, kama walivyojaza watu wa kijiji, isipokuwa yeye aliyajaza kwa upande wa pili.

"Kesho nakwenda naye," alisema.

Walikwenda pamoja mpaka pangoni, Simai mbele, yeye nyuma, wamevaa makubadhi mazito kwa ajili ya maweni. Simai hakuchukua kitu. Ilikuwa siku ya kwanza ya mikono mitupu. Walikaa juu ya jiwe, upepo ukiwajia usoni. Walikaa mpaka Mwanakheri akaanza kuhesabu kwamba wamepoteza asubuhi. Kisha chui akawa pale mbele yao, mdogo kuliko alivyomdhania, wa rangi ya manjano iliyofifia, na madoa yake yamebanana hata hayahesabiki. Mwanakheri hakuwa amemsikia akifika.

Chui alinusa mahali matumbo yalipokuwa yakifungwa. Hakukuta kitu. Akainua kichwa akamtazama Simai, yeye peke yake, kana kwamba juu ya lile jiwe hakuna mtu wa pili. Kisha akakaa chini, akangoja.

Mwanakheri aliutafuta uso wa mumewe. Hakuona kilichozidi hofu ya kawaida na jasho. Midomo yake haikutikisika. Baada ya muda Simai alipiga makofi mara moja, kwa nguvu. Chui akasimama, akageuka, akaenda zake bila ya haraka, na maweni yakammeza.

"Anakujua," alisema Mwanakheri.

"Anajua harufu yangu. Kuku nao wanakujua wewe."

"Kuku siwapigii makofi wakaondoka kwa adabu hivyo."

"Mama Tabia, hata wewe?"

Mwanakheri alishuka kwenye jiwe, akashika njia. Waliporudi, Machano alikuwa amekaa barazani na Tabia mapajani, na furushi lake limefungwa kando.

"Umeona nini?"

Mwanakheri alijua kwamba neno moja, "sikumwona," lingetosha kumaliza maneno ya Muyuni na ya Kibondeni kwa mwaka mzima. Alijua pia alichomkataza mumewe kufanya mbele ya Msahafu. Akavua makubadhi kwanza.

"Chui alikuja. Hakukuta chakula. Akamtazama Simai, akakaa chini mbele yake. Simai akapiga makofi, chui akaondoka."

Machano alimtazama, kisha akamtazama Simai, ambaye alisimama uani na hakukanusha lolote.

"Umeyaona hayo kwa macho yako," alisema Machano, "na bado unabaki?"

"Ninabaki."

"Kwa nini?"

"Nilimuuliza, kasema kweli. Wengine wote wananiambia wanachodhani."

Machano aliinuka, akampa mtoto, akachukua furushi lake. Gari la abiria lilipita saa hizo, na alitembea kwa haraka kulifuata, kwa njia ya kuzunguka, upande usiopita kwenye mkuyu. Mwanakheri alimwangalia mpaka alipopotea. Kisha alimkalisha Tabia kiunoni, akaingia ndani, akamngoja Simai aingie, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akautia komeo mchana mlango wa uani, ule unaoelekea msituni.